Programu ya Komoni

Mwaka jana mjukuu wangu alinikalisha mbele ya kompyuta yake ili nione anavyopanga kazi zake za pombe. Yeye na wenzake wawili wanatengeneza mvinyo wa rozela na wa nanasi nyumbani, kwenye ndoo, na kila ndoo ina mstari wake wa rangi kwenye kioo. Huu wa kijani umeanza Jumatatu, huu wa njano unangoja ndoo ya kwanza iachie nafasi, huu mwekundu ukichelewa kila kitu kinachelewa. "Babu, hii ni programu ya mipango," aliniambia polepole, kama anavyoambiwa mzee aliyetoka shamba juzi. Nilimwambia ni nzuri. Kisha nikatoka nje nikasimama uani, mpaka akaja kuniuliza kama tumbo linaniuma.

Tumbo halikuniuma. Niliiona ile mistari nikamwona mama yangu amepiga magoti mbele ya wazee. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu alikuja na kompyuta.

Nilipokuwa na miaka ishirini na mbili, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilifanya kazi Chimala kwenye mradi wa mifereji ya mashamba ya mpunga. Cheo changu kilikuwa karani msaidizi wa mipango, na nilikitamka chote bila kuacha neno, hata kwa mtu aliyeniuliza jina tu. Ofisi yetu ilikuwa kibanda cha mabati, na ukutani ilibandikwa karatasi ya grafu ndefu kama kitanda. Juu ziliandikwa tarehe, na kushoto majina ya kazi: kuchimba, kusawazisha, kumwaga zege, kufunga milango ya maji. Kila kazi ilikuwa na mstari wake. Bluu ni iliyopangwa, nyekundu ni iliyokwisha kufanyika. Mkubwa wangu, mgeni kutoka Ulaya ambaye Kiswahili chake kilitosha kuagiza chai, aliita karatasi ile programu, nasi sote tukaiita hivyo. Alinifundisha kwamba kazi nyingine zinaweza kwenda pamoja na nyingine lazima zifuatane, na kwamba ukishajua ni ipi inayoweza kuzichelewesha zote, umeushika mradi mzima.

Maarifa yale yalinilevya kuliko pombe yoyote. Niliwahi kuchora programu ya kufua mashati yangu matatu. Mkubwa akaiona, akacheka, akanipiga bega na kusema nina kichwa cha kazi hii. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi kuanzia siku ile sikuweza tena kumwona mtu akifanya jambo lolote bila kutaka kumpangia.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa mama mmoja wa Kibena aliyehamia Chimala na mumewe kutoka Njombe. Alipika komoni ya kuuza. Kwa asiyeijua, komoni ni pombe ya mahindi na ulezi. Ulezi unalowekwa na kufunikwa mpaka uote, unaanikwa, unasagwa, na unga wake ndio kimea. Unga wa mahindi nao unalowekwa mpaka uchachuke, unakaangwa juu ya bati, unapikwa uji mzito. Uji ukipoa, unatiwa kimea. Kesho yake ni togwa, tamu, hata mtoto mchanga anapewa. Ukiiacha ikatulia na chachu yake inageuka pombe, na utaisikia mtungini inalia, inatoa povu kama mtu anayenong'ona.

Nikaanza kumpima yule mama kwa saa yangu ya mkononi. Ilikuwa mwezi wa kumi, jua la Usangu linakausha hata mate mdomoni. Ulezi kuota, niliandika, siku tatu. Kukauka, siku moja. Togwa kugeuka pombe, siku mbili. Yeye aliniuliza kama naandikia serikali. Nikamjibu hapana, naandikia maendeleo. Leo nikikumbuka jibu hilo natamani kujificha uvunguni.

Mama yangu mwenyewe alikuwa mpishi wa pombe, lakini si ya kuuza. Alikaa Ipogolo, chini ya mlima uliobeba Iringa mjini, karibu na barabara kuu. Upande ule, mzee akitambikiwa, mwiko wa kukorogea pombe yake ulishikwa na mama. Walikuwapo wanawake wengi waliojua kupika, ila pombe ya wazee ilikuwa ya kwake, kwa sababu haikuwahi kumwaibisha mtu. Jumapili alikaa kanisani benchi la nyuma, kwa Walutheri, na mchungaji alijua kufumba jicho moja. Hakuwa na shamba kubwa, hakuwa na ng'ombe, hakusoma hata darasa moja. Alikuwa na mwiko ule. Watu walipompisha njiani walikuwa wanaupisha mwiko.

Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kufika mwezi wa saba mwaka wake ungetimia, na pombe ilipaswa kumwagwa kaburini na ukoo unywe, ili awe ametulia huko aliko na mama atoke kwenye ujane wa kukaa chini. Mama aliniambia nilipokwenda Krismasi: "Hii ndiyo ya mwisho kumpikia baba yako. Nataka aikubali."

Kwetu siku ya tambiko haikutangazwa na mtu. Ukoo ulisema tu, baada ya mavuno. Kisha mpishi aliloweka ulezi, na watu wakasubiri. Ulezi ukiota vizuri, wa mbali walipelekewa habari wajiandae. Pombe ikianza kulia mtungini, wa karibu waliambiwa waje kesho kutwa. Wazee walikuwa wakisema wanaalikwa na pombe yenyewe. Mimi niliona ni ushamba. Mtu wa Mbeya atajuaje aombe ruhusa kazini siku gani? Na mimi likizo yangu ilikuwa ya siku kumi na nne, zimehesabiwa, zimepigwa muhuri.

Basi nikachora programu. Tulihitaji mikupuo mitatu ya pombe, maana ukoo ni mkubwa, na mama alikuwa na bati moja la kukaangia na mapipa mawili ya kupikia. Mkupuo wa kwanza unakaangwa wakati wa pili unalowekwa, wa pili ukiingia kwenye pipa wa tatu unapanda juu ya bati. Nilitumia penseli za rangi za ofisi. Yote mitatu iliishia Ijumaa, na Jumamosi nikachora nyota. Siwezi kusema uongo, ilikuwa karatasi nzuri sana. Nikamwonyesha mkubwa, naye akafurahi kama amezaa, akasema lazima aje kwa Landrova na wenzangu wawili wa ofisini waone programu ikifanya kazi kijijini. Siku hiyohiyo niliandika barua kwa baba mdogo kule Mbeya, kwa binamu zetu wa Igawa, kwa kila mtu. Jumamosi, niliandika, saa nne asubuhi, bila kukosa.

Nilifika Ipogolo na karatasi imekunjwa ndani ya bomba la ramani. Mama alikuwa uani na shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, pamoja na jirani yetu aliyekuwa msaidizi wake kwenye mitungi. Tukasalimiana, kamwene, kamwene, nikanywa uji, kisha nikaipigilia karatasi ukutani sebuleni kwa misumari minne. Nikawaeleza. Nilitumia kijiti kuwaonyesha, kama mwalimu.

"Umeshawaambia watu Jumamosi?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama. Nimeandika barua."

"Ulezi haujaloa bado, na watu wameshaitwa?" Akacheka kidogo, akamtazama shangazi, kisha akaacha kucheka. Alisogea mpaka karibu na karatasi, akapitisha kidole juu ya mistari bila kuigusa. "Na baridi umeiweka wapi hapa, baba?"

Alikuwa ananiita baba kwa sababu nina jina la baba yake. Lilikuwa swali la mpishi, la mtu anayejua kazi yake. Nje ukungu ulikuwa haujaondoka hadi saa tano, na upepo wa mwezi wa sita ulikuwa unapita chini ya mlango. Ningekuwa na akili hata ya kufulia mashati matatu, ningelijibu.

"Baridi haimo kwenye programu," nikasema.

Jirani akaangua kicheko. Shangazi akajifunika mdomo kwa khanga. Nikakasirika, nikasema kazi ianze leo.

Tukaloweka. Siku ya nne, mstari wangu wa kuota ulikuwa umeisha, na asubuhi nilikwenda kufunua gunia. Ulezi ulikuwa umetoa jicho tu, jeupe, dogo kama chawa. Mama alinikuta pale. Akachukua kiganja kimoja, akanusa, akarudisha, akafunika tena gunia kwa majani ya mgomba.

"Bado," akasema. "Siku nne zaidi, pengine tano. Baridi hii inachelewesha. Ulezi mimi naujua, hausomagi kalenda."

"Mama, leo unaanikwa. Ukichelewa huu, mikupuo yote mitatu inachelewa."

"Ukianikwa leo hautakuwa kimea, utakuwa unga."

Shangazi na jirani walikuwa wamesimama pale na ungo mikononi. Nilihisi wananitazama waone nani mwenye neno. Ndipo nikasema maneno ambayo nimeyabeba miaka yote hii, na ninayaandika kama nilivyoyasema, bila kuyapunguza makali. Nilisema, "Mama, pale ukutani pameandikwa siku tatu. Wewe hujui kusoma. Mimi ndiye ninayesoma."

Kuku walikuwa wanaparua karibu na mapipa. Mama alijifuta mikono kwenye kitenge, upande mmoja, kisha upande wa pili, taratibu.

"Sawa, baba," akasema. "Wewe ndiye mwenye nyumba sasa."

Akafungua gunia, akauanika ulezi juu ya mkeka. Aliuanika vizuri, sawasawa, kama anavyoanika siku zote. Mimi nikaingia ndani nikachukua penseli nyekundu nikaupaka mstari ule. Kazi imefanyika.

Siku zilizofuata nilipaka nyekundu kila jioni. Kukauka, nyekundu, ingawa jua lilionekana saa mbili tu kwa siku na ulezi uliingia kinuni ukiwa bado una ubichi. Kukaanga, nyekundu. Kupika, nyekundu. Nilikuwa napenda kurudi nyuma hatua mbili niitazame karatasi. Wale wanawake watatu walikuwa wanafanya kazi kama punda, macho yamewavimba kwa moshi wa bati, na mimi nilikuwa natazama karatasi.

Alhamisi mama aliweka sikio kwenye mtungi wa kwanza. Akakaa hivyo kwa muda, akahamia wa pili. "Hailii," akasema. Nikamwambia italia kesho. Aliingia ndani akatoka na mablanketi, akaifunga mitungi kama anavyofunga mtoto mgonjwa. Moja la mablanketi lilikuwa la kwake. Asubuhi ya Ijumaa nilimkuta jikoni amejikunyata karibu na majivu, amejitanda khanga mbili, na sikumwuliza usiku amejifunika nini.

Ijumaa hiyo ndiyo aliyonibembeleza. Alinivuta kando nyuma ya banda, wenzake wasisikie. "Tuwatumie watu salamu waje Jumanne. Wa mbali walale hapa, chakula kipo, tutawapa. Jumanne itakuwa imeiva, naijua."

"Bwana mkubwa anakuja kesho, mama."

"Mwanangu, marehemu wanasubirigi. Hawana haraka."

Nikamwambia mimi nina haraka. Ulanzi wa mianzi, ambao ungetuokoa, ulikuwa umekwisha na mvua, kwa hiyo hapakuwa na pombe nyingine ya kuazima. Hilo nalo nililijua.

Jumamosi walikuja wote. Barua zangu zilifanya kazi barabara. Baba mdogo alifika kutoka Mbeya amevaa koti, binamu wa Igawa walifika na mchele, na saa nne na robo Landrova ya mradi iliingia uani na mkubwa wangu akashuka na kamera shingoni. Nilivaa shati jeupe. Nilimpeleka moja kwa moja sebuleni kumwonyesha karatasi, imejaa nyekundu mpaka kwenye nyota. Akaipiga picha.

Baba mkubwa, kaka wa baba, ndiye aliyekuwa anaongoza. Wazee walikaa karibu na kaburi, upande wa juu wa uwanja. Mama akaja na kibuyu cha kwanza. Desturi yetu mpishi anaonja kwanza mbele ya watu, ndipo anampa mkubwa wa ukoo. Mama akapiga magoti, akaonja. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Akampa baba mkubwa kwa mikono miwili.

Baba mkubwa alikunywa funda moja. Akalishika mdomoni. Akalimeza, akakitazama kibuyu ndani, akampa mzee wa pili. Mzee wa pili akaonja akampa wa tatu. Watu wapatao mia walinyoosha shingo.

"Hii ni togwa," baba mkubwa akasema.

Huko nyuma mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa. Kisha nikasikia neno linapita kwa kunong'ona kutoka kwa wazee kwenda kwa watu, na lilipofika karibu yangu nililisikia vizuri: amekataa. Kwetu pombe ya mwaka wa marehemu isipochacha, watu hawasemi baridi. Wanasema mwenyewe ameikataa mkononi mwa aliyempikia.

"Shemeji," baba mkubwa akasema, na sauti yake haikuwa kali, ndiyo maana iliogofya. "Kuna neno kati yako na mdogo wangu? Kama lipo, liseme hapa, tulimalize."

Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka pale. Mkubwa wangu aliniinamia akaniuliza kwa Kiingereza kuna nini. Na mama akanyanyua macho akanitazama. Hakunitazama kwa hasira wala kwa kuniomba. Alikuwa anatazama tu kama nitasogea. Nilikuwa na neno moja la kusema, nalo lilikuwa la kweli, na halikuhitaji shule: ni mimi niliyemlazimisha. Nilifikiria ile picha iliyopigwa sebuleni. Nilifikiria wenzangu wawili wa ofisini wakirudi Chimala na hadithi. Sikusogea.

Mama akainamisha kichwa. "Hakuna neno, shemeji," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Marehemu hana kosa na mimi sikumkosea. Nimekosa kwenye kazi. Kimea nilikitoa mapema, nilikuwa na haraka. Ni mimi."

Mkubwa wangu akarudia swali lake. Nikamjibu, na hili ndilo sikuwahi kumwambia mtu, hata mke wangu. Nilimjibu kwa Kiingereza kwamba wanawake hawakufuata programu.

Akatikisa kichwa kwa huruma. Wakamletea togwa kwenye kikombe cha bati, akanywa yote, akasema, "Tamu sana," na akaomba nyingine.

Tambiko liliahirishwa. Kabla watu hawajatawanyika mama alikwenda jikoni akauleta mwiko wake, ule mrefu wa mninga, akaupangusa kwa kitambaa kuondoa uji, akauweka mbele ya shangazi. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mpishi aliyekiri mbele ya wazee kwamba ameharibu pombe ya marehemu hashiki tena mwiko wa tambiko. Mwezi wa nane, baridi ilipopungua, jirani yetu ndiye aliyempikia baba. Ikachacha, akaikubali, na mama akaondoka kwenye ujane akiwa amekaa upande wa wageni.

Mimi sikuwapo. Siku ileile ya Jumamosi niliomba lifti kwenye Landrova, nikasema likizo imekwisha. Ilikuwa imebaki siku moja. Mama alinifuata mpaka garini na chupa ya togwa imezibwa kwa gunzi. "Utakunywa njiani," akasema. "Ni tamu, haijaharibika." Tulipofika Igawa wenzangu waliposhuka kununua mahindi ya kuchoma, niliimwaga kwenye vumbi kando ya barabara. Chupa niliibakiza, nikaitumia miaka miwili kuwekea mafuta ya taa.

Miaka hiyo miwili ilipopita nikaoa. Harusi ilikuwa hapohapo Ipogolo. Wanawake walipika siku nyingi, na uani palijaa moshi na nyimbo kama ilivyokuwa zamani, ila mama alikuwa mbali na mapipa, kwenye kivuli cha banda, anachambua mchele. Harusi ya mwanawe wa kwanza, na yeye anachambua mchele. Nilipita pale mara nyingi siku ile. Mara moja alininyooshea kiganja anionyeshe kijiwe kidogo alichokipata. "Kingekuvunja jino, bwana harusi," akasema, akacheka. Nami nikacheka. Nilijiambia nitaongea na baba mkubwa kesho. Kesho ilikuwa ya kwenda Mbeya kwa wakwe. Baba mkubwa akafa mwaka uliofuata.

Mama alifuata mwishoni mwa miaka hiyo ya sabini, katika majira ya baridi, kwa kifua. Nilikuwa nimepandishwa cheo, nina ofisi Mbeya na karani wangu wa kupaka rangi. Tulipomaliza kuzika, nilimkuta shangazi peke yake nyuma ya nyumba yake, ameketi kwenye gogo, amezeeka, ananusa ugoro. Sijui kwa nini ilikuwa siku ile na si nyingine. Pengine kwa sababu hapakuwa tena na wa kunitazama. Nikakaa chini, nikamwambia yote: ulezi, maneno ya kusoma, Jumamosi, hata lile la Kiingereza. Nililia. Nilitegemea atashangaa.

"Mimi si nilikuwepo?" akasema. "Si nilikuwa nimeshika ungo?"

"Kumbe mlijua."

"Tulijua sote. Na shemeji yako mkubwa alijua, tulimwambia siku ileile jioni." Alimaanisha baba mkubwa, siku hizo alikuwa anachanganya watu. "Lakini mama yako alishasema ni yeye, na kasema mbele ya kaburi. Sisi tungefanyaje? Neno kama lile linatolewagi na mwenye kosa. Ungesimama useme, tungeosha chungu asubuhi kumsafisha, jioni ameshika mwiko. Kazi ya siku moja."

Aliingia ndani. Akarudi na kitu kirefu kimeviringishwa kwenye khanga iliyopauka, akakiweka mapajani mwangu. Nilijua ni nini kabla ya kufungua. Ulikuwa mkavu, una ufa mwembamba kwenye ubapa wake, kama mti unavyopasuka ukikaa miaka bila maji.

"Jirani anatumia wa kwake," shangazi akasema. "Huu mama yako kila mwaka, ulezi ukishavunwa, alikuwa anakuja kuuliza kama umekuja kusema. Namwambia bado. Anasema, basi uweke, atakuja, ana kazi nyingi."

Nilimwambia niko tayari kusema sasa, mbele ya yeyote anayemtaka. Shangazi akapiga chafya ya ugoro, akajifuta pua kwa ncha ya khanga, akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyefika sokoni jioni.

"Ili nani ashike mwiko?" akasema.